Mto Mmoja, Wizara Nyingi: Jinsi Sera ya Tabianchi Inavyoratibiwa Hadi Kijijini

Maji yanayoshuka kutoka Milima ya Uluguru hayaishii kwetu. Mto Ngerengere hujaza Bwawa la Mindu, linalohudumia wakazi wa Manispaa ya Morogoro. Mto Ruvu hupeleka maji kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayohudumia Dar es Salaam na sehemu za Mkoa wa Pwani. Masika yakichelewa, au mvua kubwa ikisomba udongo wa miteremkoni, hasara huanzia shambani kwa mkulima wa mlimani na kufika kwenye bomba la mkazi wa mjini. Ndiyo maana wananchi wengi huuliza: ni nani hasa anayesimamia suala la mabadiliko ya tabianchi?

Jibu ni kwamba wasimamizi ni wengi, na kila mmoja ana sehemu yake. Msitu wa kileleni ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na yenye ukubwa wa hekta zaidi ya 24,000. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Maji yakishaingia mtoni yapo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mradi wa bomba la kijiji upo chini ya RUWASA. Vyombo vyote viwili ni vya Wizara ya Maji. Sera ya mazao hutungwa na Wizara ya Kilimo, lakini Afisa Ugani wa Kata ni mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, iliyo chini ya sekta ya uchukuzi. Mafuriko yakitokea, uratibu wa maafa ni jukumu la Ofisi ya Waziri Mkuu. Hata kuni za jikoni zina wizara yake: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unasimamiwa na Wizara ya Nishati.

Mwenye wajibu wa kuziunganisha sekta hizi ni Ofisi ya Makamu wa Rais, inayoshughulikia mazingira. Msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayomtaka Waziri mwenye dhamana ashauriane na wizara za kisekta katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Sheria hiyo inaelekeza pia kila wizara ya kisekta iwe na kitengo cha mazingira. Zipo kamati za kitaifa, ya uongozi na ya wataalamu, zinazokutanisha wizara mbalimbali, na upo Mkakati wa Taifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa 2021–2026. Kwa upande wa kimataifa, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 1996 na Mkataba wa Paris mwaka 2018.

Hata hivyo, ofisi inayoratibu haichimbi visima wala haigawi miche. Fedha na watumishi wapo katika kila sekta, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye bustani kando ya kijito. Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtaalamu wa kilimo anamhimiza amwagilie ili asitegemee mvua pekee. Bodi ya Bonde inamtaka awe na kibali cha kutumia maji. Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, lakini wasipoketi pamoja, mkulima husikia amri tatu na asijue ipi aanze nayo.

Milima yetu ina funzo la zamani katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi la kulinda udongo lilikuwa la maana, lakini katika sehemu zenye udongo mwembamba matuta yalifukua udongo usio na rutuba, na wenyeji hawakusikilizwa. Ghasia zilizuka Matombo mwezi Julai 1955, na mpango huo ukaachwa. Miaka hamsini baadaye, Kibungo Juu ilionyesha njia nyingine: chini ya mradi wa mashirika ya CARE na WWF, wakulima walilipwa kwa kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji, na DAWASCO, iliyosambaza maji ya Ruvu, ikiwa miongoni mwa wanunuzi wa huduma hiyo. Mkulima na mtumiaji wa maji waliwekwa katika mpango mmoja.

Mwananchi aanzie wapi?

Kwanza, Kamati ya Mazingira ya Kijiji. Uchomaji moto, ukataji miti na kilimo kwenye vyanzo vya maji huripotiwa hapo.

Pili, Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mahitaji kama makinga maji, miche au kivuko kilichosombwa yaingizwe katika mpango wa kijiji kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Tatu, Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako wataalamu wa sekta mbalimbali huketi meza moja. Maelekezo yakipingana, kama katika mfano wa bustani, hapa ndipo pa kuomba ufafanuzi wa pamoja. Yasipopatana, Afisa Mtendaji wa Kata huyafikisha kwa Afisa Mazingira wa Wilaya.

Nne, biashara ya kaboni. Shughuli hii ina kanuni zake za mwaka 2022. Kijiji kisitie saini mkataba wowote kuhusu msitu wake kabla ya mkutano mkuu kuujadili na halmashauri kuupitia.

Inashauriwa kila hoja iandikwe katika muhtasari wa mkutano. Hoja iliyoandikwa hupanda kutoka kijiji hadi wilaya na kuingia katika bajeti. Iliyosemwa njiani hubaki njiani.