Kipande cha Ukurasa na Jina Lake

Ukurasa wa tovuti ya habari mara nyingi haukai mzima mahali popote. Kila unapofunguliwa, seva huiendea hifadhidata kuchukua kichwa cha habari, picha, maoni ya wasomaji na orodha ya habari zinazosomwa sana, kisha huviunga vyote upya. Wasomaji elfu kumi wakifika kwa pamoja, kazi ileile hurudiwa mara elfu kumi, na huku habari haijabadilika tangu asubuhi.

Ndiyo maana vipande vilivyokwisha kuundwa huwekwa kwenye kache, kumbukumbu inayosomeka upesi. Brad Fitzpatrick aliunda Memcached mwaka 2003 kuunusuru mtandao wa LiveJournal, na hadi leo programu hiyo inatumika.

Kuweka ni rahisi. Kazi ni kujua kipande kimepitwa na wakati lini. Wengi huanza na amri za kufuta: kwenye duka la mtandaoni bei ikibadilika, futa hapa, futa na pale. Pakisahauliwa mahali pamoja tu, mteja anaonyeshwa bei ya jana. Mimi naipendelea njia aliyoieleza David Heinemeier Hansson, muasisi wa mfumo wa kuundia tovuti uitwao Rails, mwaka 2012. Yeye hafuti kitu. Jina la kipande hubeba namba ya habari pamoja na saa ilipohaririwa mara ya mwisho. Ukihariri, saa inabadilika, jina nalo linabadilika. Seva isipolikuta jina hilo kwenye kache, huunda kipande kipya. Cha zamani hakiitwi tena, na kache ikijaa, vile visivyoguswa siku nyingi ndivyo hutolewa. Vipande pia huwekwa kimoja ndani ya kingine. Oni moja likirekebishwa, saa ya habari inayolibeba lazima isogezwe pia, lakini maoni mengine huchukuliwa yalivyo.

Hatari kubwa ni jina lisilomtaja mwenye kipande. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo ya kompyuta la Steam likiwa linashambuliwa, kanuni za kache zilizokosewa zilihifadhi kurasa za wateja walioingia kwenye akaunti zao, zikaonyeshwa kwa wengine. Valve, wenye duka, walisema walioathirika ni kama 34,000. Baadhi yao anwani za barua pepe na orodha za manunuzi zilionekana.

Kwa hiyo salio, anwani na salamu yenye jina la mteja visiingie kwenye kache ya wote. Namba ya mteja inaweza kutiwa kwenye jina la kipande, ila mimi huviacha nje kabisa na kuviunda upya kila mara, hata ukurasa ukichelewa kidogo.