Gorila wa Virunga, fukwe za Kivu: raia wa Kongo aulize kwanza bei yake

Asubuhi isiyo na mawingu, mkaaji wa Goma anaona volkano ya Nyiragongo upande mmoja na ziwa Kivu upande mwingine. Milima na maji viko karibu sana hivi kwamba matembezi ya siku tatu, gorila kwanza kiisha mchanga wa ziwa, yanaonekana kuwa jambo dogo. Hesabu inabadilika pale mtu anapouliza ni mlango gani uko wazi, na kwa bei gani.

Milima hiyo inagawanywa na inchi tatu. Upande wa Kongo kuna mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, ya kwanza katika Afrika. Rwanda ina mbuga ya Volkano, Uganda ina Mgahinga. Gorila wenyewe hawajui mpaka. Hesabu iliyofanywa mwaka wa 2015 na 2016 ilipata gorila 604 katika safu hiyo yote ya milima, na familia ya Nyakagezi, ambayo watalii huitembelea Mgahinga, imekwisha kuvuka mara nyingi kuingia Rwanda na Kongo.

Mlango wa Kongo ndio uliokuwa wa bei nafuu kwa mgeni: dola 400. Lakini Bukima na Jomba, ambako matembezi yalikuwa yakianzia, ziko katika teritware ya Rutshuru, ambako vita na M23 vilianza upya mwishoni mwa 2021. Tangu Januari 2025 Goma yenyewe iko mikononi mwa waasi hao. Kupanda Nyiragongo pia si jambo la kuwekwa kwenye mpango: mlipuko wa Mei 22, 2021 uliua watu zaidi ya 30. Na mbuga hii imekwisha kupoteza walinzi zaidi ya 200 waliouawa kazini. Mtu akimwahidi mtalii leo kwamba atampeleka Bukima bila shida, aulizwe maswali mengi kabla ya kupewa hata franka moja.

Zinabaki njia mbili, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema bila sababu. Wanasikia kwamba Rwanda inatoza dola 1 500 kwa kibali kimoja tangu 2017, na Uganda dola 800 tangu Julai 2024, na wanafunga mazungumzo. Bei hizo ni za wageni wanaotoka mbali. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na orodha ya bei ya Uganda inaweka raia wa Jumuiya kwenye shilingi 300 000 za Uganda, yaani karibu dola 80. Tofauti ni mara kumi. Wakala wa safari akitaja dola 800 bila kuuliza uraia wa mteja, mteja ndiye amuulize yeye.

Kwa hiyo pasipoti ni ya lazima. Jeto ya kuvukia bariere ndogo inatosha kwa soko la Gisenyi, haitoshi kwa safari hii. Kutoka Gisenyi hadi Musanze ni barabara ya lami, kama kilomita 60, kiisha mpaka wa Cyanika, halafu Kisoro. Mgahinga ina familia moja tu iliyozoeshwa kuona watu. Vibali vikiwa vimekwisha, Bwindi upande wa Rushaga ina familia nyingi zaidi, na Kisoro haiko mbali. Miezi ya Juni hadi Septemba, wakati wa kiangazi, ndiyo inayotafutwa zaidi, basi kibali kinunuliwe mapema.

Wazazi wajue jambo hili kabla ya kuahidi kitu nyumbani: mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa gorila. Mwenye mafua pia anazuiliwa, kwa sababu gorila wanaambukizwa magonjwa ya watu. Watu wanane kwa familia moja, na saa moja tu ya kutazama, baada ya kupanda labda saa nyingi katika matope na upupu. Viatu vizuri vina faida kuliko kamera nzuri.

Wakati wa kurudi, ziwa halidai kibali. Gisenyi ina mchanga na ufuko wazi kwa watu wote. Upande wa Goma sehemu kubwa ya ukingo ni mawe meusi ya volkano na viwanja vya hoteli, ambako mtu huingia kwa kununua kinywaji. Kivu haina mamba wala kiboko. Lina mazuku, ile hewa mbaya isiyoonekana inayotoka ardhini kati ya Goma na Sake na kutulia mahali pa chini, hasa alfajiri, kabla ya jua na upepo. Watoto wasiachwe kucheza ndani ya mashimo ya mawe, na mtu asiogelee mahali ambapo wenyeji hawaogelei.

Anayetaka kuongeza safari ya boti, atazame idadi ya abiria na jaketi za kuokoa maisha kabla ya kulipa. Boti iliyozama Oktoba 3, 2024 ikitoka Minova ilikuwa imejaa kupita kiasi, na ilikuwa imekaribia kufika Kituku.