Motokaa za Umeme na Kungoja kwa Watu wa Ngara

Katika mabaraza ya Ngara na Biharamulo, watu wanapokaa kuzungumza baada ya sala ya alasiri, khabari ya vyombo visivyokula petroli si ngeni tena. Vijana wanaovuka daraja la Rusumo kwenda Kigali hurudi wakieleza pikipiki zipitazo bila ya moshi na bila ya kelele, na wazee wanaowasikiliza huuliza swali moja: "Vikiletwa huku kwetu, vikiishiwa nguvu vitatiwa wapi?" Swali hilo ni la watu wenye akili, nasi twapenda kulijibu kwa kadiri tuyajuayo, khasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Mugoma na vijiji vya jirani, ambao nyumba nyingi kwao hula kwa pikipiki na kwa ndizi zinazopakiwa juu yake.

Wala swali hili si la mchezo. Kijana atakaye kununua pikipiki ya kazi leo hufunga mwaka mzima wa maisha yake, na pengine zaidi, katika mkataba wa kulipa kila siku. Akichukua ya petroli, huenda kabla hajamaliza kulipa akaona mwenziwe wa umeme apata faida zaidi kwa safari ile ile. Akingoja ya umeme, huenda akangoja mpaka ndevu zimuote mvi, na watoto hawangojei chakula.

Tuanze na kituo chenyewe. Umeme wa motokaa huwekwa katika betri kubwa iliyo chini ya sakafu yake. Betri ya motokaa ya kiasi huchukua uniti 40 hadi 60, na tusemapo uniti twakusudia zile zile mnunuazo kwa LUKU. Ukiichomeka motokaa hiyo katika soketi ya ukutani nyumbani, soketi hutoa uniti mbili au zaidi kidogo kwa saa moja. Basi betri ya uniti 60 itajaa baada ya saa 25 hivi, yaani usiku na mchana. Kwa mtu alalaye kwake na kwenda safari za karibu si neno, kwani hahitaji kujaza yote kila siku. Lakini msafiri hawezi kulala njiani kila akifika nusu ya safari. Ndipo vikajengwa vituo vya kuchaji kwa haraka, ambavyo mashine yake moja hutoa kilowati 50, na nyingine 150 na zaidi, na motokaa ikapata sehemu kubwa ya haja yake kwa muda wa nusu saa au saa moja. Ikifika kama sehemu nane katika kumi, umeme hupunguzwa makusudi ili betri isishike joto ikaharibika. Kwa hiyo wasafiri wenye uzoefu hawangoji ijae, bali huchomoa wakaenda zao.

Sasa na tupime jambo hili kwa hali ya kijiji. Transfoma nyingi za vijijini ni za kVA 50 au 100, nazo ndizo zinazobeba taa za nyumba zote, redio, friji za maduka, cherehani na mashine ya kusaga. Mashine moja ya kuchaji ya kilowati 50 ingeimaliza ile transfoma ndogo peke yake, na siku hiyo wanawake wangerudi na mahindi yao vichwani bila ya kusaga. Tena nyumba nyingi zimevutiwa umeme wa njia moja, na mashine hizo zataka njia tatu. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa kijiji kilichopata nguzo kimekwisha kuwa tayari kwa kituo cha haraka. Nguzo ni mwanzo tu.

La ajabu ni kwamba Ngara si maskini wa nguvu. Maji ya Ruvubu yatokayo Burundi huingia katika Kagera, na hapo chini kidogo mto wote huanguka Rusumo. Kwa miaka mingi maji hayo yalianguka bure, na huku miji ya Ngara na Biharamulo ikipata taa kwa mashine za dizeli, nayo dizeli hiyo ikiletwa kwa malori kutoka pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Kisha serikali tatu za Tanzania, Rwanda na Burundi zikashirikiana, kwa fedha za Benki ya Dunia, kujenga mitambo ya megawati 80, ambayo ilianza kutoa umeme mwishoni mwa mwaka 2023, na kila nchi ikapata fungu sawa, kiasi cha megawati 27. Fungu la Tanzania huchukuliwa kwa waya wa kilovolti 220 mpaka Nyakanazi katika wilaya ya Biharamulo. Na katika gridi hiyo hiyo ya taifa umo sasa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, ambalo mashine yake ya mwisho iliwashwa mwaka 2025. Mashine kumi za kuchaji za kilowati 100 kila moja hutaka megawati moja tu. Basi kilichopungua si nguvu, ni njia ya kuifikisha: waya mzito, transfoma ya kutosha, na mtu wa kutia fedha zake.

Si maji peke yake. Chini ya ardhi ya Ngara kuna nikeli ya Kabanga, ambayo imejulikana tangu miaka ya 1970, nayo ni madini yanayotakiwa sana kwa betri za motokaa. Yamepita mikononi mwa makampuni makubwa, Barrick na Glencore miongoni mwao, na leseni zao zilifutwa mwaka 2018. Kisha mwaka 2021 ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo serikali ina hisa 16 katika mia, na ikakusudiwa madini hayo yasafishwe Kahama. Mpaka mwaka 2025 uchimbaji wenyewe ulikuwa haujaanza. Wengine husema: nikeli yetu ikitoka, motokaa za umeme zitatufuata zenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Nchi nyingi zimetoa mafuta na watu wake wakanunua petroli kwa bei ya ghali. Na isitoshe, betri nyingi za motokaa za bei nafuu zitokazo China siku hizi hazina nikeli hata chembe, hutengenezwa kwa chuma na fosfati. Mgodi ni kheri ikiwa utaleta kazi, lakini kituo cha kuchaji hakiletwi na mgodi.

Basi chaletwa na nini? Hapa pana fundo. Mwenye fedha husema sijengi kituo pasipo motokaa. Mwenye haja ya motokaa husema sinunui pasipo kituo. Wawili hawa wakawa wamesimama mlangoni kila mmoja akimwambia mwenziwe tangulia. Lakini fundo hili si jipya katika nchi zetu. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, alitoka Dar es Salaam kwa motokaa akakusudia kuvuka Afrika nzima, na akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Vituo vya petroli njiani hapakuwa na hata kimoja. Mafuta yake yalitangulizwa na kuwekwa akiba mbele yake njiani. Na baada yake, kwa miaka mingi, petroli na mafuta ya taa vilifika bara ndani ya madebe ya bati. Kila nyumba yalijua debe hilo, hata likawa kipimo cha mahindi na maharage mpaka leo, na watoto wa sasa hawajui kuwa lilianza kwa mafuta. Vyombo vilitangulia, debe likavifuata, na pampu ikaja nyuma kabisa.

Jirani zetu wa Rwanda wamelipata debe la umeme. Kampuni ya Ampersand ilipoanza kazi Kigali mwaka 2019, haikungoja vituo vya haraka. Mwendesha pikipiki akiishiwa huingia kibandani, hutoa betri tupu, hupewa iliyojaa, na kwa dakika chache yumo njiani. Betri tupu hubaki ikitiwa umeme polepole, bila ya kuisumbua transfoma ya mtaa. Serikali nayo ilisaidia: mwaka 2021 iliondoa ushuru na kodi juu ya vyombo hivi, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haiandikishwi kwa kazi ya abiria katika Kigali. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri mwaka 2023, na mabasi ya umeme ya BasiGo yamekuwa yakipita Nairobi tangu 2022. Habasha, nchi yenye maji mengi na uhaba wa fedha za kigeni, mwaka 2024 ilipiga marufuku kabisa kuingiza motokaa za petroli na dizeli. Kwetu Tanzania gari moshi la umeme lilianza safari mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na pikipiki na bajaji za umeme zimeanza kuonekana mijini.

Na anayedhani kuwa petroli haina kungoja, na atazame ng'ambo ya Kabanga. Ndugu zetu wa Burundi tangu mwaka 2021 wamepatwa na uhaba mkubwa wa mafuta, magari yakipanga safu siku nzima na nyingine, kwa sababu nchi ilikosa fedha za kigeni za kuyanunulia.

Kwa rai yetu, kituo cha haraka cha motokaa kitakapokuja upande huu kitaanza Nyakanazi au Benaco, palipo na njia kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na karibu na waya mkubwa. Mugoma haitakuwa ya kwanza, na hakuna haja iwe. Kinachofaa Mugoma ni kibanda cha betri za pikipiki, ambacho umeme wa kawaida wakitosha, na hata paneli za jua zaweza kukisaidia. Vijana watatu au wanne wenye elimu ya umeme kutoka vyuo vya VETA waweza kukiendesha.

Ama yule kijana wa mkataba, twamwambia haya. Milima ya Ngara hula betri. Pikipiki ambayo muuzaji asema yaenda kilomita 80 kwa betri moja, huenda akaipima katika tambarare bila ya mzigo. Na aipande kwanza na mkungu wa ndizi nyuma, katika mlima anaoujua. Akitaka kuchaji nyumbani, akumbuke LUKU ya wenye matumizi madogo, ambayo bei yake nafuu mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki ya kazi ikila uniti tatu kwa siku, hiyo ni 90 kwa mwezi kabla taa haijawashwa, na nyumba yote itaingia katika bei ya juu. Mama wa nyumba na ajulishwe mapema, asije akadhani umeibiwa umeme.

Kisha mkataba wenyewe. Mkopo wa riba hukumu yake kila Mwislamu aijua. Kuuza kwa malipo ya polepole, bei ikawa moja na imetajwa tangu mwanzo, ni jambo jingine, na kukodi betri kwa ujira unaojulikana ni kukodi kama nyumba. Lakini mikataba mingi ya siku hizi huchanganya vitu hivi katika karatasi moja: pikipiki yauzwa, betri yakodishwa, na faini ya kuchelewa yaongezeka kila siku. Na asomewe na mtu mwenye kufahamu, aulize betri ni ya nani ikifa baada ya miaka mitatu, na kibanda cha kuibadilisha kikifungwa, yeye alipe nini. Wala asisahau kwenda ofisi ya TANESCO kuuliza transfoma ya kijijini kwake ni ya kVA ngapi na imekwisha kubebeshwa nyumba ngapi.