Vyama Viwili vya Mathare

Ukimwuliza mama wa Mathare, kule Nairobi, kama yeye ni mwanachama, huenda akakuuliza kwanza: "Wa chama kipi?" Maana neno hilo lina sura mbili. Kipo chama cha siasa, chenye bendera na alama. Na kipo chama cha akina mama, ambao huchanga sawa kwa sawa, kisha jumla yake akapewa mmoja wao kwa zamu. Hiki cha pili hakina bendera. Kina daftari tu, na macho ya wenyewe.

Habari za hicho cha kwanza wazee wetu wa Pwani wanazikumbuka. Mwaka 1963 tuliingia katika uhuru tukiwa na KANU na KADU. KADU, iliyoongozwa na marehemu Ronald Ngala wa huku kwetu, ikajivunja Novemba 1964. KPU ya Jaramogi Oginga Odinga iliasisiwa 1966, ikapigwa marufuku 1969. Mwaka 1982 sheria ikatamka kuwa chama ni kimoja tu, na mwaka 1988 watu wakapangwa mlolongo hadharani kuteua wagombea wa KANU. Kifungu kile kilifutwa Desemba 1991, na vyama vikaota kama uyoga.

Lakini wingi wa vyama si wingi wa haki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Mathare ilishika moto, na jirani akamkimbia jirani. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano, wakagawana serikali. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, hayo tunayajua. Je, mafahali wakipatana, nyasi hufidiwa na nani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 91, yakataza chama kujengwa juu ya kabila, dini au jimbo, na yataka kijiendeshe kidemokrasia. Maneno mazuri hayo. Hata hivyo, mwaka 2021, Wakenya wengi walipochungulia daftari la Msajili wa Vyama vya Siasa, walijikuta wameandikwa uanachama wa vyama ambavyo hawakuviomba kamwe.

Hapo ndipo chama cha akina mama kinapokishinda cha wakubwa. Huko mtu haandikwi bila ya kujua. Mweka hazina huulizwa mbele ya wote, na hujibu. Zamu ya muuza mboga ikifika, hupewa haki yake, wala hairukwi kwa sababu fulani ana cheo.

Ahadi ni deni, na fedha ya mwenzio ni amana. Kura nayo ni amana vilevile. Siku mwana wa Mathare atakapoweza kumhoji kiongozi wa chama chake kwa sauti ile ile amhojiyo mweka hazina wa mtaani, naye akajibiwa, siku hiyo neno chama litakuwa na maana moja tu.