Kona ya mtoto kuchora: pesa iende kwenye meza au kwenye karatasi?

Mtoto wa miaka minne anayepiga magoti juu ya kiti cha mezani ili achore, hafanyi utundu. Meza ya kulia chakula ina kimo cha sentimita 75 hivi. Mtoto akikaa sawasawa, ukingo wake unamfika karibu na mabega, miguu inaning'inia, na mkono unaoshika kalamu hauna pa kuegemea. Dakika kumi tu ameshuka, na mzazi anasema mtoto huyu hatulii.

Nami nilisema hivyo kuhusu binti yangu kwa miezi kadhaa. Halafu nikafanya kosa ambalo wengi tunalifanya: nikaenda Kariakoo nikanunua seti ya plastiki, meza na viti viwili, kwa shilingi 45,000. Ilikuwa nzuri machoni, ina picha za herufi na wanyama juu yake. Miguu yake ni ya kuchomeka, na mtoto akiiegemea meza kwa kiwiko, mguu mmoja unachomoka. Tuliiweka barazani, jua likaipiga, na kabla ya mwezi wa tatu ikapasuka pembeni. Zile picha nazo zilikuwa tatizo. Mtoto akiweka karatasi juu yake anaziona kwa chini, anaacha kuchora cha kwake anafuatisha twiga wa kiwandani.

Sisemi plastiki haifai kabisa. Kwa anayehamahama nyumba za kupanga, wepesi wake una maana, na ukimwaga rangi unafuta kwa kitambaa. Ila kagua miguu kabla hujalipa. Ichomeke, itikise, iegemee kwa mkono mzima. Ikicheza dukani, nyumbani itaanguka.

Mara ya pili nilikwenda Keko, kwa mafundi seremala. Fundi aliniuliza, "Mama, mtoto yuko darasa la ngapi?" Nikamwambia hajaanza shule, nikamtolea mfukoni uzi niliokuwa nimeufunga mafundo mawili: kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, na kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko akiwa amekaa. Akaunyoosha juu ya futi yake akasema, "Hapo umenirahisishia kazi."

Uzi ule ndio kitu cha thamani kuliko vyote nilivyonunua, na haukunigharimu hata senti. Kiwango cha Ulaya cha samani za shule, EN 1729, kinampa mtoto mwenye kimo cha sentimita 93 hadi 116 kiti cha sentimita 26 na meza ya sentimita 46. Akifikia kati ya 108 na 121, kiti kinapanda hadi 31 na meza hadi 53. Ukilinganisha na meza ya kulia chakula utaona tofauti ni kubwa kiasi gani. Mwanaelimu Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo San Lorenzo, Rome, mwaka 1907, alitengenezesha samani za kimo cha mtoto, nyepesi kiasi kwamba watoto wenyewe waliweza kuzibeba kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Kipimo hicho cha wepesi bado kinafaa: kama mtoto hawezi kuisogeza meza yake ifuate mwanga wa dirishani, ni nzito mno.

Mbao za mninga fundi alinitajia zaidi ya laki mbili, nikakataa, maana mtoto atakua na meza itabaki ndogo. Tukaafikiana mbao za paini, meza 65,000 na stuli 15,000, jumla 80,000. Niliomba mambo matatu, nawe uyaombe. Kwanza, kona zote zichongwe ziwe duara na zipigwe msasa mpaka kiganja kisikwaruzike. Pili, uso wa meza usipakwe rangi ya mafuta. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, mtoto hutia vidole mdomoni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Tatu, atengeneze vipande vinne vya mbao, vichimbwe kishimo katikati na vibaki na unene wa sentimita 7 chini ya kishimo, ili mtoto akirefuka miguu ya meza isimame humo na meza ipande kutoka 46 hadi 53. Vya stuli viwe vya sentimita 5. Kwa mpango huo seti moja inamchukua mtoto karibu miaka minne. Gawanya 80,000 kwa minne, unapata 20,000 kwa mwaka.

Sasa linganisha na karatasi, maana hapo ndipo pesa inapokwenda bila mtu kuiona. Binti yangu anatumia karatasi tano kwa siku, na siku za mvua anazidisha. Tano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka, yaani rimu tatu na nusu na ushee. Mtaani kwetu rimu nimeinunua 13,000. Kwa mwaka ni kama 47,000, zaidi ya mara mbili ya ile 20,000 ya meza na stuli! Na bado hujahesabu kalamu za rangi na gundi. Nimeona nyumba zenye meza ya kupendeza ambapo mtoto anaambiwa, "Usimalize karatasi." Meza hiyo imegeuka pambo.

Ndiyo maana nashauri upunguze kwenye samani uongeze kwenye vifaa vya kuchorea na kufinyanga. Nyuma ya kalenda za mwaka uliopita kuna karatasi nyeupe, kubwa na nzito kuliko ya rimu. Steshonari nyingi zina karatasi zilizochapwa vibaya upande mmoja. Ukiomba kwa heshima unapewa bure au kwa bei ya kutupa. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji na mafuta kidogo, unapata kinyunya cha kufinyanga kinachokaa siku kadhaa kwenye kopo lenye mfuniko. Mfuko wa karatasi wa saruji usimpe mtoto, hata ukikung'utwa vipi; vumbi lake linawasha macho na ngozi.

Ubao nao unaokoa karatasi. Kwenye nyumba ya kupanga usipake ukuta wa mwenye nyumba. Nunua kipande cha hadibodi, kipake rangi ya ubao, ukitundike kimo cha macho ya mtoto. Mimi kilinigharimu 25,000 pamoja na rangi, na boksi la chaki 2,500. Mtoto akichora amesimama, bega lote linafanya kazi, na makosa yanafutika bila kutupa kitu.

Na kwa aliye na mtoto chini ya miaka mitatu, au chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, nasema wazi: usinunue meza. Tandika mkeka karibu na dirisha, mpe sinia pana la chakula kama uso wa kuchorea, lenye ukingo unaozuia kalamu zisibingirike. Anayetaka kupanda ngazi moja achukue ile meza ndogo ya kukunja ya kitandani, inayouzwa na machinga. Niliikuta kwa 18,000. Kwa mtoto aliyekaa mkekani kimo chake kinamfaa vizuri, na jioni unaisimamisha nyuma ya mlango. Angalia tu miguu ya chuma inapokunjwa, inabana vidole. Kazi hiyo ifanywe na mkubwa.

Mwanga haununuliwi mchana. Mtoto anayetumia mkono wa kulia aweke dirisha kushoto kwake ili kivuli cha mkono kisiangukie mchoro, na wa kushoto kinyume chake. Vifaa vikae kwenye makopo na vikapu anavyovifikia mwenyewe, isipokuwa mkasi mkali.

Hukumu yangu ni hii. Ukiwa na 30,000, chukua mkeka, kalamu za rangi na karatasi za kutosha. Ukiwa na 60,000, ongeza ubao. Meza ya fundi ije baada ya hapo, mtoto akishapita miaka mitatu na nyumba ikiwa na nafasi. Seti ya plastiki naiweka mwisho. Na kabla hujatoka nyumbani kwenda kununua chochote, mkalishe mtoto, chukua uzi, umpime goti na kiwiko.