KAMPUNI MOJA, MIDOMO MIWILI: MICROSOFT NA SERA ZA TABIANCHI

Katika majadiliano ya makada na wanafunzi huzuka mara kwa mara swali hili: je, makampuni makubwa ya teknolojia ni marafiki au maadui wa juhudi za kuzuia dunia isizidi kupata joto? Swali lenyewe limewekwa vibaya. Kampuni haina urafiki wala uadui, ina maslahi. Kazi yetu ni kuyatambua maslahi hayo na kueleza jinsi yanavyogeuzwa kuwa sera. Katika makala haya tutaichukua kampuni moja, Microsoft ya Marekani, iwe mfano wetu.

Mdomo wa kwanza: ahadi

Mnamo Januari 2020 Microsoft iliahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa ikiondoa angani hewa ukaa nyingi kuliko inayotoa. Aidha, ifikapo 2050 itakuwa imeondoa yote iliyotoa, yenyewe au kwa umeme iliotumia, tangu ilipoanzishwa mwaka 1975. Si haki kusema kwamba haya yalikuwa maneno matupu. Tangu 2012 kampuni hiyo inazitoza idara zake ada kwa hewa ukaa zinayosababisha. Mwaka 2017, Rais Trump alipokuwa akijiandaa kuitoa Marekani katika Mkataba wa Paris, Microsoft ilikuwa miongoni mwa makampuni yaliyotia saini matangazo ya magazetini ya kumtaka asifanye hivyo.

Mwaka 2019 ilijiunga na Climate Leadership Council, baraza linalotetea kodi ya hewa ukaa. Lakini tutazame iliketi na nani humo: ExxonMobil, BP na Shell. Mpango wa awali wa baraza hilo ulitaka makampuni ya mafuta, badala ya kodi hiyo, yakingwe yasishtakiwe kwa madhara yaliyokwisha kutokea. Baadaye kifungu hicho kiliondolewa. Funzo ni kwamba anayeunga mkono kodi huja na sharti lake mkononi.

Mdomo wa pili: vyama vya wafanyabiashara

Kampuni haiendi bungeni kwa jina lake tu. Hulipa ada katika vyama vya wafanyabiashara, na vyama hivyo husema yale ambayo kampuni yenyewe isingependa kusikika ikiyasema.

Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilijadili muswada uliounganisha mambo mawili: fedha za nishati safi na nyongeza ya kodi kwa makampuni. Chemba ya Biashara ya Marekani, ambayo Microsoft ilikuwa mwanachama wake, ilitangaza kwamba itafanya kila iwezalo kuuzuia. Sheria iliyopatikana hatimaye Agosti 2022 ilikuwa imepunguzwa sana, na hata hiyo Chemba iliipinga. Hoja kubwa ya Chemba ilikuwa kodi. Hivyo ada ya kampuni iliyoahidi kuisafisha anga ilisaidia kulipia upinzani dhidi ya sheria ya kuisafisha. Wahenga walikuwa na jina la kiumbe wa namna hii: ndumilakuwili.

Wapo watakaosema kwamba mwanachama mmoja hawezi kukibadili chama kizima. Ni kweli, lakini anaweza kutoka. Apple ilijitoa katika Chemba hiyo hiyo mwaka 2009 kwa sababu ya msimamo wake juu ya tabianchi. Microsoft yenyewe ilijitoa mwaka 2014 katika ALEC, chombo kinachoandaa miswada ya kupelekwa katika mabunge ya majimbo.

Msingi wa mkinzano

Mkinzano huu hautokani na unafiki wa mtu mmoja. Unatokana na biashara yenyewe. Mashine za akili bandia hukaa katika majumba makubwa ya kompyuta yanayokula umeme usiku na mchana, na majumba hayo hujengwa kwa saruji na chuma. Taarifa ya Microsoft ya mwaka 2024 ilikiri kwamba hewa ukaa yake ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 29 hivi tangu 2020. Ile iliyo chini ya mamlaka yake ilipungua kwa asilimia 6. Iliyoongezeka ni ile ya wanaoiuzia vifaa na kuijengea.

Kwa hiyo kampuni inahitaji Serikali kuliko zamani: vibali, nyaya za umeme, mitambo. Septemba 2024 ilitangazwa kwamba itanunua kwa miaka 20 umeme wa mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island uliofungwa mwaka 2019. Novemba 2025 Serikali ya Marekani ilitoa mkopo wa dola bilioni 1 kusaidia kuufufua. Tena, mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo iliiuzia ExxonMobil huduma za kompyuta za kuongeza uchimbaji wa mafuta.

Funzo kwetu

Jambo hili haliko mbali nasi. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukitanguliwa na jumba la kompyuta la kutumia umeme wa mvuke wa ardhini huko Olkaria. Anayepokea mgeni wa aina hii hana budi kuuliza maswali matatu. Kwanza, kampuni inaomba nini kwa Serikali? Pili, vyama inavyovilipia vinaomba nini? Tatu, umeme ukipungua, nani atazimiwa kwanza: jumba la kompyuta, au zahanati na mashine ya kusaga ya kijiji?

Ahadi husomwa katika taarifa za kampuni. Msimamo husomwa katika majibu ya maswali hayo.