Biri ndogo: Ladha ya mdomoni na hatari isiyoonekana

BIRI ndogo haifanani na sigara, ingawa mtu aliye mbali anaweza kuzichanganya. Urefu wake ni kati ya sentimita 7 na 10 hivi, rangi yake ni ya kahawia, na kinachoifunika si karatasi, bali ni jani lenyewe la tumbaku. Mvutaji wake naye hatarajiwi kuuingiza moshi mapafuni. Huuzungusha mdomoni, huuonja, kisha huutoa.

Kwa sababu hiyo, katika hoteli na kumbi za starehe za miji mingi duniani, biri ndogo imejijengea heshima ya kuwa kitu cha kuonjwa, si cha kuvutwa kwa pupa. Wapo wavutaji walioacha sigara na kuhamia kwenye biri hizo wakiamini kuwa wameikwepa hatari. Imani hiyo si sahihi, na sababu yake imo ndani ya ladha yenyewe.

Uvutaji wa aina hii ulianza kwa wenyeji wa visiwa vya Karibiani. Mwaka 1492, mabaharia wawili wa Christopher Columbus, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waliwakuta wakazi wa Cuba wakivuta majani yaliyoviringwa na kuwashwa upande mmoja. Hadi leo Cuba, hasa mkoa wa Pinar del Río, ina sifa kubwa katika biashara hiyo, pamoja na Jamhuri ya Dominika, Nicaragua, Honduras na Indonesia. Barani Afrika, Cameroon inajulikana kwa jani jembamba la kufunikia biri.

Heshima hiyo iliwahi kufika hadi Ikulu ya Marekani. Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wa Rais John F. Kennedy, alisimulia kwamba mwaka 1962 alitumwa kutafuta biri ndogo za Cuba aina ya Petit Upmann, akapata 1,200. Alipoleta taarifa hiyo, ndipo Rais alipotia saini amri ya kuzuia bidhaa za Cuba kuingia nchini humo.

Jani na moshi wake

Tofauti ya biri na sigara huanzia shambani. Mkulima wa Tabora anayelima tumbaku ya mvuke huikausha kwa joto ndani ya mabani kwa siku chache tu, na sukari nyingi hubaki katika jani. Jani la biri, kwa upande wake, hutundikwa kivulini na kukaushwa na hewa kwa wiki kadhaa. Kisha majani hurundikwa, yakapata joto yenyewe na kuchachuka, huku harufu kali ya amonia ikitoka. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi mingi, na ndiyo inayozaa ladha.

Matokeo yake huonekana katika moshi. Moshi wa sigara una asidi kiasi, hivyo nikotini yake haipenyi kwa urahisi mdomoni. Ni lazima mvutaji auvute hadi mapafuni. Moshi wa biri una alkali zaidi. Hukwaruza koo ukivutwa ndani, lakini nikotini yake hupenya moja kwa moja katika ngozi laini ya mdomo na kuingia katika damu.

Jinsi inavyoonjwa

Waonjaji huanza kabla ya moto. Huinusa biri, kisha huivuta ikiwa bado haijawashwa ili kupata harufu ya jani kavu. Baada ya hapo hukaribisha moto kwenye ncha bila kuigusisha, wakiizungusha biri mpaka iwake sawasawa pande zote.

Mivuto ya kwanza huwa mepesi, na wengi husema inawakumbusha mbao, karanga au maziwa. Katikati huja ladha nzito zaidi, kama ya kahawa, kakao au ngozi ya mnyama. Karibu na mwisho joto huongezeka, lami hujikusanya, na ladha hugeuka kuwa ya pilipili na uchungu.

Ulimi wenyewe hutambua ladha chache tu: tamu, chungu, chachu, chumvi na ile ya mchuzi wa nyama. Yote mengine ni kazi ya pua, na ndiyo maana waonjaji wazoefu hupitisha moshi kidogo puani wakati wa kuutoa.

Kwa kuwa biri ndogo ni nyembamba, moto wake huwa karibu na mdomo na hupata joto upesi. Anayeivuta mfululizo kama sigara huonja uchungu mtupu. Mazoea ni kusubiri karibu dakika moja kati ya mvuto na mvuto. Asiyezoea, hasa aliye na njaa, huweza kupatwa na kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu. Hizo ni dalili za nikotini kuzidi mwilini, hata kama hakumeza moshi.

Hatari iliyofichika

Hapo ndipo lilipo kosa la wanaodhani kwamba kutovuta moshi ndani ni kinga. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 1998 kuhusu biri, ilieleza kuwa uvutaji huo husababisha saratani ya mdomo, koo, zoloto na umio, hata kwa asiyeingiza moshi mapafuni. Kuchachuka kwa majani, kunakoleta ladha, huongeza pia kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo huchochea saratani.

Aidha, sigara ya kawaida ina tumbaku isiyozidi gramu 1, wakati biri ndogo huweza kufikia gramu 3. Aliyehama kutoka kwenye sigara huwa katika hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi huendelea na mazoea ya kuvuta ndani bila kujitambua.

Sheria nazo zimechelewa. Mwaka 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha ya matunda na peremende, lakini biri hazikuguswa. Mwaka huohuo kodi ya biri ndogo ilipandishwa hadi kulingana na ya sigara. Baadhi ya watengenezaji waliongeza uzito kidogo ili bidhaa zao zihesabiwe kuwa biri kubwa na kutozwa kodi nafuu. Pendekezo la mwaka 2022 la kuondoa ladha hizo katika biri liliachwa Januari 2025. Tanzania ilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003 na Kenya mwaka 2007.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyevuta biri zipatazo 20 kwa siku. Mwaka 1923 aligundulika kuwa na saratani ya mdomo. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, akawekewa kifaa cha kuziba sehemu ya juu ya kinywa, lakini hakuiacha biri. Alifariki London mwaka 1939.

Freud alijua vyema madhara yake, maana madaktari wenzake walimwonya mapema. Kilichomshinda ni kuacha. Wahenga walikwisha kusema kuwa mchovya asali hachovyi mara moja, na katika biri ndogo, asali na sumu hutoka katika jani lilelile.